Maji ya Miguu

Isevya, Tabora
Jumamosi, 6 Novemba 1954

Daftari hili nililinunua kwa mambo ya harusi: nani aalikwe, nani asisahaulike, nani akisahaulika atanuna mpaka kaburini. Sasa sijui kama harusi itakuwapo. Basi nitaandika hasira zangu.

Leo walikuja wazee wa Puge, baba yake Hilari na mjomba wake. Na Hilari mwenyewe akaja, ingawa mchumba hatakiwi siku kama hii. Alisema lori lilikuwa na nafasi. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Baba yangu alicheka mara mbili, na Marko fundi wa reli si mtu wa kucheka ovyo. Kuku walikwisha chinjwa. Hilari akatoka nje kunawa vumbi la njiani.

Mlangoni petu, upande wa kulia, kuna kibuyu cha maji kilichozibwa kwa gunzi. Kipo hapo tangu sijazaliwa. Kila asubuhi Bibi humwaga maji ya jana na kutia mapya. Sote nyumbani tunajua kwamba hakiguswi. Hakuna aliyetueleza, tulichapwa tu mpaka tukajua. Hilari hakuchapwa. Akakizibua, akaanza kujimwagia miguuni.

Bibi alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia. Huyu ni Bibi Bertila, mama yake baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, mwanamke asiyepandisha sauti hata akikuta nyoka jikoni. Alimnyang'anya Hilari kibuyu, akakikumbatia, akasema mbele ya wageni wote:

"Maji haya yana mwenyewe, na mwenyewe hajarudi. Mkono wangu hautamtoa binti katika nyumba hii mpaka mwenyewe arudi, au aliliwe."

Mwenyewe ni babu yangu. Aliondoka mwaka 1916.

Wazee wa Puge walikula kuku. Walipoaga, baba yake Hilari alimwambia baba kwa upole, ule upole unaokata: iwe kabla ya Kwaresma, la sivyo posa irudi. Hilari alitazama viatu vyake. Nilitaka aseme neno, lolote.

Jumapili, 7 Novemba

Baada ya misa nilimbana baba. Mambo yenyewe ni haya. Binti anayetoka nyumbani huketishwa mkekani, bibi yake huchanganya unga na maji, akampulizia kifuani. Mkono wenye msiba usioanuliwa haushiki unga ule. Baba mwenyewe alioa Ndala, nyumbani kwa mama, kwa hiyo mkono wa Bibi haukuhitajika. Mimi ndiye binti wa kwanza kutoka hapa. Na Babu hakuwahi kuwekewa matanga, maana hakuna aliyeleta habari. Ukimlilia mtu aliye safarini umemwua.

"Baba, safari gani ya miaka thelathini na minane?"

"Mwambie wewe," akasema.

Simwambii. Lakini nitamtafuta mzee huyu nijue alikoishia. Nafundisha darasa la nne habari za nchi. Najua Mirambo alikufa lini, boma la Isike lilianguka lini, reli ilifika lini. Babu yangu simjui ila jina, Mihayo, na hilo nimelisikia kwa baba, kwa kuwa Bibi halitaji jina la mumewe. Naona aibu.

Alhamisi, 11 Novemba

Joto. Mvua bado. Hilari hajaandika.

Jumapili, 14 Novemba

Mzee Kondo amepita tena na dele lake la kahawa. Ni Mzaramo, alikuja Tabora baada ya vita vile vya kwanza, akaoa mtaa wa Ng'ambo, akazeekea hapa. Wazaramo ni watani wetu tangu zamani za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kuzikwa njiani na wenyeji wa huko. Mtani anaweza kukutukana mbele ya padri, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Alisimama uani kama kawaida yake.

"We mke wa Vidole Tisa! Mbuzi wangu yuko wapi?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo. "Kamwulize pweza aliyekuzaa."

"Mumeo nimemla, mifupa nimelamba, na mbuzi sijapewa!"

"Ungemla yule ungenenepa, ukuni wewe."

Majirani walicheka. Maneno ni yaleyale tangu utoto wangu: mbuzi, vidole tisa, nimemla. Nilipokuwa mdogo nilivihesabu vidole vya miguu vya Bibi akiwa amelala. Vilikuwa kumi. Nikajua Mzee Kondo ni mwongo, nikatulia.

Leo sikucheka. Mwanamke amekaa miaka yote hiyo si mke wala si mjane, na mzee mzima anamfanyia mchezo. Nilimtazama kwa jicho baya. Akaninyoshea ulimi.

Jumamosi, 20 Novemba

Nilikwenda kwa Mzee Humaidi, maana baba yake alikuwa mtu wa misafara enzi zile. Alinikaribisha barazani, akaagiza kahawa na halua. Nyumba yao bado ina mlango wa nakshi, ila sasa chumba cha mbele wanauza baisikeli.

"Mihayo," alisema. "Mwalimu, wapagazi wa marehemu baba walikuwa wakipita hapa kama siafu. Nusu yao walikuwa Mihayo."

"Aliondoka mwaka wa kumi na sita."

"Basi hakuondoka na sisi. Misafara yetu ilikufa treni ilipoingia. Wa mwaka ule walichukuliwa na vita, Wadachi walipokuwa wakiwakimbia Wabelgiji. Tajiri wa msafara unaweza kumwendea ukamwuliza mtu wako kaishia wapi. Vita utamwuliza nani?"

Dada yake, Bi Fakhria, alikuwa nyuma ya pazia. Sauti yake ilitoka polepole:

"Tuliwachungulia kwenye tundu la mlango, mwanangu. Wamefungwa kamba viunoni. Wake zao wanafuata na vibuyu."

"Walipelekwa upande wa reli," akasema Mzee Humaidi.

"Wengine. Wengine walishika njia ya kusini."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Na wewe ulikuwa chini ya kitanda."

Nilirudi kwa miguu hali nilikuwa na pesa ya baisikeli ya kukodi. Siku hizi siwezi kukaa. Nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, sijui pa kwenda.

Jumapili, 28 Novemba

Mvua! Kumbikumbi wamejaa uani, watoto wa jirani wanawakamata kwa sufuria. Bibi amepanda karanga. Maji ya kibuyu yamebadilishwa kama kawaida, ingawa mvua inamwagika hatua mbili kutoka hapo.

Jumamosi, 4 Desemba

Nimegundua kwamba Bibi anapenda kuulizwa habari za Babu, mradi nisiulize mwisho wake. Humzungumzia kana kwamba ametoka kidogo kwenda kununua chumvi. Tukiwa shambani tunapalilia, yeye mstari wake na mimi wangu, maneno yanatoka. Yeye hana miaka, ana mambo yaliyotokea. Miaka naitia mimi.

Babu alizaliwa mwaka aliokufa Mirambo. Kwangu ni 1884. Kwa Bibi ni mwaka watu walipoanza kulala mbali na mikuki yao. Alikuwa mchunga mbuzi Wadachi walipolivunja boma la Isike. Alisikia baruti ikilipuka, akadhani ni radi, akawaingiza mbuzi zizini, na baba yake akamchapa kwa sababu mbinguni hapakuwa na wingu. Huo ni 1893. Vitabuni nimefundisha habari za boma, sikujua kwamba palikuwa na mtoto anayelia na mbuzi waliotoka na kuingia.

Alibeba mzigo wake wa kwanza kabla ndevu hazijaota. Kijana asiyeiona bahari, nani angempa mke? Akashuka Bagamoyo, akapanda, akashuka tena. Alimwoa Bibi kwa majembe na nguo za safari ya mwisho. Kisha, 1912, treni ikafika Tabora, na mwaka huohuo baba yangu akazaliwa. Babu alikwenda stesheni kuitazama. Aliporudi alikaa chini, akalishika bega lake la kulia, pale penye sugu, akasema, "Hili sasa ni la kulalia tu."

Bibi alicheka aliposimulia hivyo, nami nikacheka, kisha nikainamia karanga kwa kuwa machozi yalinijia. Sikutegemea. Nilianza kumtafuta mtu huyu ili niolewe, na sasa nampenda.

Jumatatu, 13 Desemba

Mvua. Shule imefungwa. Barua fupi ya Hilari: pamba, baridi ya asubuhi, salamu kwa wote. Kwaresma haikutajwa. Nimeichana, nikaiunganisha.

Jumapili, 26 Desemba

Hilari amekuja! Kutoka Puge kwa baisikeli, katika tope lile, akiwa mwekundu mpaka kiunoni. Alisimama mbali na mlango, mikono nyuma, akamwamkia Bibi, kisha akatoa mfukoni chupa. Amekuja na maji yake mwenyewe ya kunawa. Bibi aliitazama chupa kwa muda, akaingia ndani, na nilimsikia akicheka peke yake.

Tuliongea chini ya paa la jikoni. Mjini kila mtu anazungumza habari za chama kipya, na yeye pia alianza huko, nikamkatiza.

"Siku ile ulitazama viatu vyako."

"Nilikuwa natazama miguu," akasema. "Nilikuwa nimenawa maji ya mtu aliyekufa. Ningesema nini?"

"Hatujui kama amekufa."

"Flavia."

"Hatujui!"

Nikajisikia nimesema kwa sauti ya Bibi. Akaniambia kwamba kwao wameanza kutaja binti mmoja wa Nzega. Alisema yeye amekataa. Na akasema pia kwamba baba yake si mtu wa kukataliwa mara nyingi. Alipoondoka mvua ilikuwa inanyesha, nikasimama njiani mpaka nikalowa. Nilikuwa nimemwona mwoga. Mwoga hapandi baisikeli kutoka Puge wakati kama huu.

Alhamisi, 30 Desemba

Uyoga sokoni. Sina hamu.

Jumapili, 9 Januari 1955

Kuna jambo. Niandike kwa utaratibu.

Leo tulikuwa tunamenya njugu mawe, mimi na Bibi, mvua imetufungia ndani. Nilimwuliza kwa nini maji, kwa nini si chakula au kitanda. Akanijibu bila kusita. Safari ya kwanza ya Babu ilikuwa mwaka wa funza. Wadudu wale walikuwa wageni hapa, waliingia na misafara, na wapagazi hawakujua hata namna ya kuwatoa. Walipofika Ugogo kidole chake kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeoza, mwenzake akakikata kwa kisu cha nyama. Tangu hapo mguu ule ulimwuma kila alipomaliza safari. Haingii ndani kabla hajaumwagia maji ya baridi.

"Kwa hiyo namwekea," akasema.

Nikaendelea kumenya. Nilimenya njugu tatu nne hivi. Halafu nikasimama, ungo ukapinduka.

Vidole tisa.

Mzee Kondo alikuja Tabora baada ya vita. Babu alikuwa ameshaondoka. Hawakuonana hapa hata siku moja. Nani alimwambia habari za kidole?

"Bibi, uliwahi kumsimulia Mzee Kondo jambo hili?"

"Nimsimulie nini yule?" Akaanza kuokota njugu sakafuni. Zilikuwa bado nyingi alipoacha na kutoka nje kwenye mvua bila kitambaa kichwani.

Jumatano, 12 Januari

Nilimvizia Mzee Kondo karibu na soko.

"Shikamoo, Mzee."

Nusura aangushe dele. "Marahaba. Mwalimu, nani kafa?"

"Naomba unieleze habari za babu yangu, tafadhali."

Alikunja uso. "Tafadhali," alirudia. "Ukinijia kwa adabu nitakujibu kwa adabu. Na adabu haitangazi msiba wa mtu barabarani." Akaenda zake akigonga vikombe vyake.

Nimeudhika mpaka kichwa kinaniuma. Mtu huyu anajua!

Jumamosi, 15 Januari

Sikulala vizuri siku tatu. Leo asubuhi akili ilinijia: nilimwendea kama mgeni. Mtani haombwi.

Nikamkuta pale pale, amezungukwa na wateja. Nikashika kiuno.

"We mzee mla pweza! Mchimba makaburi wa wizi! Mbuzi unamdai wa nini, ulimzika nani wewe?"

Soko zima liligeuka. Mwalimu wa misheni anapayuka! Mzee Kondo aliweka dele chini. Nilidhani atacheka. Macho yake yalijaa maji.

"Haya," alisema. "Sasa umeuliza."

Tukakaa kwenye ngazi za duka. Alinieleza yote, na niliona jinsi ilivyomshinda kusema bila utani. Kila alipofika pagumu aliingiza tusi, akapata pumzi.

Yeye alikuwa mpishi wa askari. Alichukuliwa kwao Uzaramo, akafikishwa huku na vita. Wadachi walipotoka Tabora kushika njia ya kusini, walichukua wabebaji, na mmoja wao alikuwa Mnyamwezi mchechemeaji wa vidole tisa, aliyebeba sanduku la risasi begani na kumtukana yeye kila siku kwa uji wake mbovu. Wakapatana. Walipopita Sikonge, Babu alimwambia: nina mtoto wa miaka minne, kesho nageuka. Akageuka alfajiri. Kondo akamfuata.

"Kwa nini ulimfuata?"

"Mnyamwezi asiye na mzigo hupotea, hajui kutembea mwepesi." Akafuta pua. "Nilimfuata. Basi."

Babu alikuwa ameshashikwa na kuhara damu. Walitembea mchana mmoja na nusu, kurudi. Alikufa karibu na kijito, amelala kichwa upande wa nyumbani. Kondo alichimba kwa sahani ya bati. Sanda hapakuwa, akamfunga kwa shuka yake mwenyewe. Siku ya pili doria ikamkamata, akazunguka na vita mpaka mwisho.

"Mzikaji wa mtani hupewa mbuzi," alisema. "Nilipofunguliwa sikurudi Uzaramo. Nilikuja kwenu. Nilikuja kama inavyotakiwa mtani aje."

"Na kisha?"

"Kamwulize bibi yako."

Sikumwuliza. Niliogopa. Nimemwambia baba tu. Aliacha spana mezani, akaniambia nirudie tena tangu mwanzo.

Jumamosi, 22 Januari

Sikonge. Baba, Mzee Kondo na mimi, kwa lori la watu wa asali. Bibi aliambiwa tunakwenda kwenye shughuli ya kanisa. Tulikwama mara nyingi, tukasukuma, tukafika tukiwa watu wa udongo.

Mzee Kondo alishuka kwa kujiamini, akavuka kijito, akasema, "Hapa." Kisha akasema, "Hapana, pale." Alikuwa amepanga mawe, lakini kuna shamba la tumbaku sasa, na mawe yote yamekusanywa pembeni mwa shamba. Miti ni mingine. Alizunguka, akarudi, akazunguka. Fimbo yake ilikuwa inachoma tope hapa na pale. Mwishowe alisimama katikati ya tumbaku, mvua ikimpiga, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, haina mzaha hata chembe:

"Marko, nisamehe. Nimempoteza baba yako."

Baba alivua kofia, akatembea mpaka kwenye lile rundo la mawe, akakaa juu yake kama mtu aliyefika baada ya safari. Nilikuwa nimezoea kumwona baba yangu kama mtu mkavu. Leo niliona mtoto wa miaka minne ambaye mtu aligeuka njiani kwa ajili yake. Alikaa hapo muda mrefu, nasi hatukumwita.

Nyumbani hapako mbali. Hilo ndilo linaloniumiza. Bibi alitazama upande wa reli miaka yote, upande wa Bagamoyo, njia aliyoizoea kumwona akitokea. Naye alikuwa huku nyuma yake, mwendo wa siku chache.

Tulikuwa tunarudi, tumeanza kuona taa za mji. Baba akageuka.

"We mzee mwizi. Mbuzi wako unataka dume au jike?"

Mzee Kondo aliweka uso wake kwenye viganja na kulia kwa sauti, mbele ya watu wa asali.

Jumapili, 23 Januari

Nilimkuta Bibi mlangoni. Hakuuliza tumetoka wapi. Viatu vyangu vilimweleza: tope letu ni jekundu, la kule lilikuwa jeusi.

"Ni wapi?" alisema.

"Sikonge, Bibi. Alikuwa anarudi."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Halafu akasema kwa Kinyamwezi, na ninaandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Yule Mzaramo alikuja mwaka baada ya vita, adhuhuri, watu wamejaa uani. Amejipaka majivu, anacheza, anapiga kelele, 'Leteni mbuzi, mtu wenu nimemfukia! Leteni mbuzi, Vidole Tisa nimemfukia!' Ndivyo watani wanavyoleta msiba. Lakini ndivyo wanavyocheza pia. Watu wote walicheka. Mimi nikamtazama macho. Hayakuwa yanacheka."

"Ukajua."

"Nikacheka kuwashinda wote. Nikamrushia majivu, nikamwita pweza. Angekuja na adabu, Flavia, akakaa mkekani, akashusha sauti, ningefanyaje? Ningelazimika kuamini. Alikuja na mchezo. Nikauchukua mchezo."

"Na kila wiki anapita hapa..."

"Kila wiki ananiambia. Kila wiki namkataza."

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, naandika wazi. Nilifikiria barua niliyoichana, binti wa Nzega, nilivyozunguka mji mzima kama mwehu. Nilifikiria mzee yule, amekaa ugenini maisha yake yote akibisha hodi kwenye mlango mmoja. Nikamwambia Bibi kwamba amemtesa mtu. Sijawahi kusema naye hivyo.

"Najua," akasema. "Yeye pia alijua kwamba najua. Unadhani ni kahawa ndiyo iliyokuwa ikimleta? Kahawa yake mbaya."

Kisha akanishika mkono, na hasira zangu zikaniishia mkononi mwake. Ni mkono mdogo. Nilikuwa nimesahau ulivyo mdogo.

Jumapili, 30 Januari

Padri ametangaza ndoa yetu kanisani mara ya kwanza. Mvua imekatika kidogo.

Jumamosi, 5 Februari

Leo tumeanua matanga ya Babu.

Watu walijaa mpaka barabarani. Bi Fakhria aliletwa kwa riksho, amejifunika, akakaa na wanawake. Hilari na baba yake walitoka Puge, na baba yake alibeba kuni kama kijana. Baba alisimulia habari za Babu, tangu mbuzi na radi mpaka bega la kulalia. Nilikuwa nimemwandikia. Hakusoma, alisema kwa kichwa.

Mzee Kondo hakuonekana. Wanawake walianza kunong'ona, mtani gani huyu?

Ndipo tukamwona barabarani. Amebeba sanduku tupu begani, bega la kulia. Amejipaka majivu. Anachechemea mguu wa kushoto. Watoto walianza kucheka, kisha wazee waliomfahamu Babu wakaacha kucheka mmoja mmoja, maana ule ulikuwa mwendo wake. Hakutazama kulia wala kushoto. Alifika mlangoni, akashusha sanduku, akanyosha mguu wa kushoto mbele.

"Hodi. Nimefika."

Bibi alisimama. Akachukua kibuyu, akakizibua, akapiga magoti taratibu kama mtu wa umri wake anavyoweza, akaumwagia maji mguu ule, polepole, kidole kwa kidole.

"Karibu, Mihayo," alisema. "Umechelewa."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitaja jina hilo. Baba yangu pia, nadhani. Alishika mlango.

Kisha Bibi akainuka, na maji yaliyobaki akammwagia Mzee Kondo usoni yote.

"Pweza wewe! Chukua mbuzi wako uniondokee!"

Hapo ndipo alipolia. Kilio cha miaka yote hiyo, na uani mzima ukalia naye, na Mzee Kondo, maji yakimchuruzika na majivu, alikuwa analia na kucheka na kudai kwamba mbuzi amekonda.

Ijumaa, 18 Februari

Nimeketishwa mkekani. Unga ulikuwa wa baridi kifuani. Mkono wake haukutetemeka.

Jumapili, 20 Februari

Jana tulifunga ndoa. Naandika haraka, lori la Puge linapiga honi na Hilari amekwisha panda na mizigo.

Leo asubuhi niliamka kabla ya watu. Miguu ilinipeleka kisimani kama nilivyozoea kumwona Bibi akienda, nikajaza kibuyu, nikarudi nacho mpaka mlangoni. Ndipo nikakumbuka kwamba mwenyewe amekwisha rudi. Nikasimama nacho kama mjinga, sijui nimwage au nikirudishe ndani.

Bibi alitoka, akakichukua mikononi mwangu, akakiweka mahali pake, upande wa kulia, akakiziba kwa gunzi.

"Bibi, ya nani sasa?"

"Yako," akasema. "Puge si mbali. Lakini tope ni tope."